Benz Yetu Haimaanishi Tumeshiba

Mwezi wa tatu nilikaa katika kikao kimoja cha mashirika hapa Nakivale. Mimi hufanya kazi na vijana, na katika vikao vya namna ile kazi yangu ni kukaa kwenye viti vya pembeni na kujibu nikiulizwa. Wakati wa chai afisa mmoja, mtu wa umri wangu, alitoa simu akawaonyesha wenzake picha. Gari jeusi, nyota inang'aa mbele ya boneti, limeegeshwa nje ya saluni ya kunyoa pale Base Camp. Akasema wakimbizi wa siku hizi wanaendesha Mercedes na sisi bado tunaandika ripoti za njaa. Watu wakacheka.

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika. Gari la kwenye picha ile ni letu. Tuko wanne wenye gari, na mimi ni mmoja wao. Nilikuwa na chapati mkononi, nikacheka kama vile simjui mwenye gari.

Wiki chache baadaye watu walipita kuhakiki kaya. Kwa mama yangu mdogo, ambaye mwanawe mkubwa ndiye jina lake liko kwenye kadi ya gari, waliuliza: mnamiliki chombo cha moto? Mama mdogo hajui kudanganya. Alisema ndiyo. Hawakuuliza chombo gani, kinatembea au kimelala, kinaingiza au kinakula. Kwenye fomu nafasi ilikuwa ya ndiyo au hapana. Sisemi kwamba picha ile ndiyo iliyowaleta, sina ushahidi. Nasema tu swali liliulizwa vile, na mwezi uliofuata simu ya mama mdogo haikulia. Wakaaji wa hapa wanajua nasemea mlio gani. Wanajua pia kwamba tangu 2023, msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipoanza kugawanywa kwa makundi ya uhitaji, jibu moja linaweza kukuhamisha kutoka kundi hadi kundi.

Basi nataka tuhesabu. Afisa yule ahesabu na mimi, na vijana wenzangu wanaotaka Benz nao wahesabu, maana nina ugomvi na pande zote mbili.

Gari lenyewe ni Mercedes C 200 Kompressor ya 2004. Tulilinunua mwanzoni mwa 2024 kwa shilingi 11,800,000. Yaya, yaani huyo binamu yangu, alitoa milioni 5, akiba ya saluni pamoja na pikipiki aliyoiuza. Wakala mmoja wa pesa za simu alitoa 2,500,000. Mimi nilitoa 2,300,000, posho yangu ya miaka miwili na nusu niliyoweka kwenye kikundi cha akiba, wenzangu wakinicheka kwamba sinunui hata viatu. Wa nne, anayepiga kinanda kanisani, alitoa milioni 2. Siku ileile, kwa muuzaji yuleyule, kulikuwa na Toyota Probox ya mwaka unaokaribiana na huo. Ile gari ya mizigo, mbaya kama kabati. Bei yake ilikuwa milioni 19.

Simama hapo kidogo ndugu msomaji. Benz milioni 11 na kitu, Probox milioni 19. Afisa aliyepiga picha hakujua hilo. Angeona Probox nje ya saluni asingetoa hata simu mfukoni. Angesema kijana huyu ana bidii, anabeba viazi. Angepita gari la bei kubwa akapiga picha la bei ndogo, kwa sababu ya kipande cha chuma chenye ncha tatu.

Na kwa nini Benz ni rahisi? Hapa ndipo vijana wenzangu hawataki kusikia. Ni rahisi kwa sababu wanaojua hawaitaki. Gari la kifahari likiwa jipya linanunuliwa na mtu ambaye bei ya spea si habari kwake. Likifika mkono wa nne, kilomita zimevuka laki mbili, bei ya gari imeshuka hadi kwenye mfuko wa kinyozi, lakini bei ya spea imebaki palepale ilipokuwa kwa yule tajiri wa kwanza. Bei ya gari inazeeka, bei ya spea haizeeki. Probox inashikilia bei kwa sababu kila duka la Mbarara lina bushi zake, na kila kijana mwenye spana chini ya mwembe anajua kuifungua. Sisi ya kwetu, kitu kidogo ni Kisekka, Kampala, kilomita mia mbili na zaidi kutoka Mbarara, unatuma pesa kwa mtu usiyemwona na unaombea ilete ile yenyewe.

Turudi kwenye kilomita. Dashibodi ilisema 186,000. Muuzaji alilisema hilo mara nyingi mno. Baada ya mwezi mmoja fundi alifungua boneti akakuta, karibu na kichujio cha hewa, kibandiko cha zamani cha kubadili mafuta ya injini. Kimeandikwa kwa kalamu: 241,000. Tarehe ni ya 2019. Kwa hiyo gari letu lilikuwa linapungua umri, kama dada zetu wa mjini. Na ishara zote zilikuwepo tangu siku ya kwanza kama tungekuwa na macho. Mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia. Ngozi ya usukani inang'aa kama kipara. Kiti cha dereva kimezama upande wa mlango. Gari la 186,000 halina pedali ya namna ile. Zaidi ya hapo, sheria ya Uganda tangu 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15, kwa hiyo gari la 2004 linalouzwa 2024 halijatoka Japani jana, limekula vumbi la humu ndani miaka na miaka. Hesabu ya darasa la sita. Hatukuifanya.

Jambo lingine. Tulipofika kwa muuzaji injini ilikuwa inanguruma tayari, eti alitoka kulisogeza. Tukaona ni ukarimu. Kumbe injini ya aina ile inajulikana kwa mafundi kwa cheni yake ya ndani kuvutika, na meno ya kule juu kwenye kamshafti kulika. Dalili yake unaisikia asubuhi tu, injini ikiwa baridi: inalia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, sekunde tatu nne, kisha inanyamaza. Ukiikuta ya moto husikii kitu. Asubuhi ya kwanza nje ya saluni sote tulisikia yale misumari, na wote wanne tukanyamaza. Wa kinanda akasema labda ni mawe ya barabarani.

Sasa hesabu ya miezi kumi na minne, kutoka daftari langu, maana mimi ndiye mweka hazina.

Tairi nne, 1,120,000. Springi mbili za mbele, moja ilikatika tu tukiwa tumesimama, pamoja na kazi, 420,000. Bushi na boljointi, ambazo barabara yetu ya murram inazitafuna kama muwa, 780,000. Betri, 450,000. Kisha cheni yenyewe na meno yake, kwa sababu fundi alituambia cheni ikiruka vali zitagongana na pistoni na hapo tutabaki na nyota tu: 2,900,000.

Na giaboksi. Hii lazima niisimulie. Kuna waya unaoingia kwenye giaboksi, na mahali unapoingilia kuna plagi ndogo. Plagi ikizeeka mafuta ya gia yanapanda ndani ya waya polepole, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta, mpaka yanafika kwenye kompyuta. Kompyuta ikichanganyikiwa inajilinda: inafunga gari kwenye gia ya pili na haitaki kutoka. Yetu ilichanganyikiwa Jumamosi, na bibi harusi ndani, maua kwenye boneti, kamera nyuma. Tulikwenda gia ya pili kutoka Base Camp mpaka kanisani, injini inalia kama mashine ya kusaga. Boda zilitupita. Kwaya iliyopanda lori ilitupita ikiimba. Mama wa bibi harusi alidhani ni heshima, kwamba gari za kifahari huenda taratibu hivyo, na alitushukuru sana. Sahani ya umeme ya ndani, plagi, mafuta mapya na kazi: 1,650,000. Fundi akatueleza kwamba mafuta yale wakati gari likitoka kiwandani yalihesabiwa ni ya maisha yote. Maisha ya nani, hakujua.

Jumla ya matengenezo ni 7,320,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bei ya gari.

Mapato sasa. Harusi 31 kwa 150,000 ni 4,650,000. Safari za kukodi kwenda Mbarara na kurudi, 5,200,000. Jumla 9,850,000. Toa petroli, 4,100,000, inabaki 5,750,000. Toa matengenezo 7,320,000. Tumeingia hasara ya 1,570,000, na sijamlipa dereva, na sijahesabu bima, na sijagusa ile 11,800,000 ya kununulia. Mshahara wa yaya kwa kuendesha ulikuwa soda na sahani ya wali wa harusi.

Afisa, hiyo ndiyo picha. Unaweza kuipiga pia.

Najua utanijibu: kama mna milioni kumi na moja za kuchezea, basi hamna njaa. Hilo ni jibu la mtu mwenye hati ya mshahara. Wewe ukitaka gari unaingia benki na karatasi tatu, unakopeshwa, unalipa kidogokidogo, na hakuna anayekuja nyumbani kwako kuuliza mama yako anakula nini. Sisi ardhi tuliyopewa hapa ni ya kutumia, si ya kuuza wala kuweka rehani. Nyumba ya udongo haikopeshwi. Akiba yetu lazima ikae kwenye kitu kinachosogea: mbuzi, pikipiki, mashine ya kusaga, gari. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasema tunaweza kumiliki mali na tunaweza kutembea. Tumeshukuru kwa sheria hiyo, wakimbizi wa nchi nyingine za jirani wanaitamani. Sasa mtu anaitumia sheria kama ilivyoandikwa, na siku hiyohiyo inakuwa sababu ya kumfuta kwenye orodha. Tufanyeje? Tuweke pesa chini ya godoro ili tuonekane wahitaji?

Tena milioni 5 za yaya hazikuwa pesa za mama mdogo. Hii fomu haielewi. Yaya ana mke na watoto watatu na kaya yake. Lakini kwa kuwa wakati wa kuandikishwa 2012 alikuwa kijana chini ya namba ya mama yake, kwenye kompyuta bado ni mtoto wa nyumbani, na gari lake bovu ni gari la mama yake mwenye sukari na miguu inayovimba.

Na magari meupe yenye antena ndefu nayo tuyaseme. Siyachukii. Yametubebea wagonjwa usiku. Lakini kila moja lina mstari wake katika bajeti, lina dereva anayelipwa, linapelekwa kuhudumiwa kwa tarehe, mafuta yake hayanunuliwi kwa chupa ya maji kando ya njia. Mtu anayeshuka kutoka gari hilo kuja kuhukumu utajiri kwa kutazama gari, angalau ajue gari linakula nini. Ombi langu si kubwa. Kwenye fomu, baada ya ndiyo, iongezwe mistari miwili: linaingiza kiasi gani kwa mwezi, linatumia kiasi gani. Tunaweka madaftari. Mlitufundisha wenyewe kuyaweka.

Sasa nigeuke upande huu, maana najua vijana wa kwetu wamefika hapa wakipiga makofi. Shusheni mikono.

Tulisema tunanunua gari la biashara. Tulidanganyana. Mtu wa biashara angechukua Probox, na kama pesa haitoshi angesubiri mwaka mwingine. Tulikaa vikao vinne, tukaandika mpango, harusi ngapi, Mbarara mara ngapi, na kwenye safu ya matengenezo tukaandika 50,000 kwa mwezi. Elfu hamsini! Nani alitoa namba hiyo? Ni mimi, tena niliitoa hewani, kwa sababu nilikuwa nimeshaona picha yangu nimeegemea mlango. Mpango uliandikwa baada ya moyo kuamua, na moyo ulikuwa umeamua siku tulipoona nyota.

Yupo kila mara mtu wa kukwambia Mercedes haifi. Kwetu alikuwa kijana wa gereji ambaye hana gari. Akatutolea habari ya dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, ambaye Mercedes yake 240 D ya 1976 ilitembea kilomita milioni 4.6 na mwaka 2004 akaikabidhi kwa kampuni ikawekwa makumbusho. Habari ni ya kweli. Ila ile ilikuwa dizeli nyepesi ya zamani isiyo na kompyuta ya kuchanganyikiwa, na mwenyewe alikuwa na injini za akiba, akitoa hii anaweka ile, mara nyingi. Mzee yule alikuwa analihudumia gari kama mgonjwa wa kitandani. Sisi tulichukua kilomita zake tukaacha kazi yake.

Kwenye Kiswahili cha Afrika Mashariki, baada ya uhuru, watu walitunga jina la kabila jipya: Wabenzi. Wakubwa wa serikali, wenye kuvimba kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa jina la kuwasema. Ajabu ni kwamba sisi wajukuu wa waliokuwa wanapigwa vumbi na Wabenzi tunataka kuingia kabila hilo wakati lenyewe limeshahama. Wakubwa wa leo wanapanda magari marefu ya Kijapani yenye vioo vyeusi. Sisi tunaingia nyumba ambayo wenyewe wametoka na kuondoa mabati.

Lakini nikisema ni majivuno tu nitakuwa namtukana yaya, na najitukana.

Mwaka 2012, waasi walipoikaribia Rutshuru, tulitoka kwa miguu kwenda Bunagana. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mama amebeba mdogo wetu mgongoni na sufuria kichwani, mama mdogo ameshika godoro mkono huu na yaya ameshika mkono ule. Jirani yetu mmoja alikuwa na Mercedes ndogo, kuukuu, rangi ya maziwa iliyoharibika. Alitupita njiani. Ndani kulikuwa na watu sijui wanane, juu magodoro, kwenye buti mbuzi. Alipunguza mwendo akatutazama, nafasi haikuwepo, akaendelea. Hakuwa mtu mbaya. Usiku ule yaya hakusema kitu kuhusu vita. Alisema, siku moja nitakuwa na gari, na litakuwa lile. Sikumbuki mtoto mwingine aliyetamani kitu mwaka ule.

Na kuna Jumatano moja ya mwaka jana, gari likiwa zima, tulipompeleka mama mdogo Mbarara kupimwa sukari. Miaka yote alikwenda kwenye kiti cha nyuma cha boda au katikati ya watu watano kwenye teksi, amekumbatia mfuko wa karatasi zake. Siku ile alivaa kitenge kipya, akakaa nyuma peke yake. Kwenye kizuizi polisi wa trafiki aliinama dirishani, akamwona, akasema "habari mama", akaturuhusu. Hakuomba kitambulisho cha mkimbizi. Njia nzima mama mdogo hakusema neno, ila alishusha kioo nusu na kuweka kiwiko pale. Mnajua kuna watu tangu wavuke mpaka hawajawahi kuweka kiwiko mahali?

Kwa hiyo mtu asiniambie gari lile ni upumbavu mtupu. Nilitoa 2,300,000 na Jumatano ile ilikuwa yangu pia. Ninachokataa ni kuiita Jumatano ile biashara. Kama tungesema ukweli, tunanunua heshima, tungeuliza heshima hii inagharimu kiasi gani kwa mwezi, na pengine tungeona tunaweza kumkodishia mama mdogo gari safi mara nne kwa mwaka na bado yaya akabaki na pikipiki yake.

Kijana anayeniuliza kila Jumapili kama anunue ile BMW ya Mbarara iliyoshuka bei, jibu langu ni hili, na silirudii. Fika saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu, uguse boneti. Kama ni ya moto rudi nyumbani. Kagua pedali kabla ya kutazama kilomita. Chukua fundi wako mwenyewe, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, umlipe wewe, asilipwe na muuzaji. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini unuse. Endesha mpaka ipande moto kabisa, halafu uizime na kuiwasha tena. Uliza bei ya spea tano Kisekka kabla ya kuuliza bei ya gari. Halafu ugawe pesa zako mara mbili: nusu ya kwanza ndiyo bei ya juu kabisa ya gari, nusu ya pili inakaa kwenye kikundi kusubiri giaboksi. Kama nusu haitoshi gari, basi hauna pesa ya gari hilo. Usije kwangu kulia, nina machozi yangu.

Na tukiwa hapo: nimehudhuria mafunzo mengi ya ujasiriamali kambini humu, na mengine nimeyaongoza mwenyewe. Tumefundisha sabuni. Tumefundisha mishumaa. Tumefundisha sabuni tena. Chombo cha moto ndicho kitu kikubwa zaidi ambacho vijana wetu wengi watakinunua maishani, pikipiki au gari, na sijaona hata saa moja ya kufundishwa jinsi ya kukinunua. Kisha wanapoumizwa tunaandika kwenye ripoti kwamba wanufaika hawana nidhamu ya fedha. Nimeiandika sentensi hiyo, mwaka 2022, kuhusu kijana aliyepoteza pesa zake kwenye pikipiki ya wizi. Kaka, kama unasoma hili, unisamehe.

Kuhusu mama mdogo, tumeandika barua ya kukata rufaa. Tumeambatisha daftari, kurasa sita, na risiti zilizopatikana. Tumeandika pia kwamba yaya ana kaya yake na tunaomba namba itenganishwe. Wamepokea, wamegonga muhuri, wamesema tusubiri. Kwa sasa anakula kwetu na kwa yaya kwa zamu. Dawa zake tunazinunua kwa pesa zilizobaki za harusi.

Gari liko nyuma ya saluni. Kompyuta imewasha taa nyingine na safari hii ni pampu ya petroli, au waya wake, fundi hana hakika. Kuna mtu wa Isingiro ametoa milioni 5. Wa pesa za simu anataka tuuze. Wa kinanda anataka tungoje mwezi wa kumi na mbili, harusi ni nyingi. Yaya hasemi, analifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufungua saluni. Tunakutana Jumapili baada ya misa, kila mmoja na kura yake. Mimi nitapiga ya kuuza. Bado sijamwambia.